Nywele zikinyonyoka, hesabu miezi mitatu nyuma

Barua za mwezi huu nyingi ni za nywele, na nyingi kati ya hizo zimeandikwa kwa hofu. Nimekuwa muuguzi katika kliniki ya ngozi hapa Mombasa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mama yangu alikuwa msusi Kibokoni. Kwa hiyo nywele nimezizoea pande zote mbili: zikiwa kichwani, na zikiwa zimekunjwa ndani ya karatasi, mwenyewe amezileta kama ushahidi. Barua ya kwanza nitaijibu kwa urefu, kwa sababu walioniuliza mfano wake ni wengi, na aliyeandika anateseka bure.

*Shikamoo mama. Nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, sasa ana miezi mitatu na nusu. Nilipokuwa na mimba nywele zilijaa mpaka watu wakiniuliza natumia nini. Sasa nikichana zinatoka mafungu mafungu, nikioga zinaziba tundu la bafu, juzi nimeukuta mmoja umejizonga kwenye kidole cha mtoto. Zinatoka na mzizi wake kabisa, ule weupe mwishoni. Mama mkwe anasema ni kijicho, kwa kuwa siku ya arobaini nilikaa kichwa wazi mbele ya wageni. Mume wangu amenunua mafuta ya nyonyo, ya habasoda, mpaka maji ya kitunguu, wapi! Naogopa nitabaki na upara. Je, niache kunyonyesha? — Mzazi wa Kisauni*

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Nianze na la mwisho: usiache kunyonyesha. Maziwa hayana kosa hapa. Na upara hutabaki nao.

Unywele unaouona na kuuchana hauna uhai, ndiyo maana ukikatwa huumi. Uhai uko chini, ndani ya kinyweleo, kile kitundu kilichozama kwenye ngozi. Kwenye kitako chake kuna seli zinazogawanyika usiku na mchana, zikilishwa na mishipa midogo ya damu. Seli hizo husukumwa juu, hujaa keratini, ileile iliyofanya kucha zako, hukauka, hufa, kisha hutokeza nje zikiwa unywele. Vinyweleo vyako vyote vilifanyika ukiwa tumboni mwa mamako. Tangu uzaliwe hakijaongezeka hata kimoja. Kichwani mna karibu laki moja.

Kila kinyweleo kina majira yake. Hukuza unywele kwa miaka 2 hadi 6, karibu sentimita moja kwa mwezi. Kisha, kwa wiki mbili au tatu, kinajikata na damu na kusinyaa. Baada ya hapo kinapumzika kama miezi mitatu, unywele wa zamani ukiwa bado umekaa mahali pake lakini haukui tena. Mwisho unywele mpya unaanza kuota chini, na ule wa zamani unaondoka, kwenye kitana, kwenye mto, kwenye povu la sabuni. Nyusi zina majira kama hayo, ila za kwake za kukua ni miezi michache tu, ndiyo maana hakuna mtu anayesuka nyusi.

Sasa piga hesabu. Katika nywele laki moja, kama kumi katika kila mia zimepumzika, yaani elfu kumi. Kila moja hukaa siku mia hivi kabla ya kuanguka. Elfu kumi kwa siku mia ni nywele mia kwa siku. Ndiyo sababu tunawaambia watu kwamba nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida ya mwili wa binadamu, mwenye afya kamili na asiyelogwa na mtu.

Siku zote nywele huondoka kwa zamu, kama wafanyakazi wa bandari ya Kilindini: wachache wanatoka, wengine wanaingia, na lango halijai. Mimba huzuia zamu. Homoni ya estrojeni hupanda sana na kuziweka nywele katika kukua, hata zile ambazo muda wake wa kupumzika ulikuwa umefika. Ndiyo maana zako zilijaa. Haikuwa kwamba zimeota mpya, ni kwamba za zamani zilikataa kutoka. Kondo la nyuma likishatoka, estrojeni inashuka ndani ya siku chache tu. Hapo zote zilizocheleweshwa zinaingia kupumzika kwa pamoja, zinakaa miezi miwili, mitatu, halafu zinamwagika kwa pamoja. Mtoto wako ana miezi mingapi? Mitatu na nusu. Ni mulemule.

Mama mkwe wako usigombane naye. Anaona jambo la kutisha na anatafuta lilikotoka, na dua ni njema siku zote. Lakini mwambie kwa upole kwamba nywele hizi zilipangwa kuanguka tangu siku uliyojifungua, kabla mgeni yeyote hajavuka kizingiti kuja kukutazama. Na ukitaka kuzizika zile zilizotoka, kama walivyofanya wazee wetu, zizike tu, zilizobaki kichwani hazitadhurika kwa hilo wala kufaidika.

Kuhusu ule weupe: chukua unywele mmoja uliodondoka, uweke juu ya kitambaa cheusi, buibui lako litafaa. Mwishoni utaona kijiti kidogo cheupe, kikavu, kama kichwa cha pini. Huo si mzizi. Ni mwisho wa unywele ulioiva na kujiachia wenyewe. Mzizi umebaki ndani ya ngozi, na huenda hivi sasa tayari unakuza mwingine. Ungeona unywele mfupi, umekatika, hauna cheupe chochote, hapo tungezungumza habari nyingine, na nitaizungumza kwenye barua ya pili.

Kumwagika huku hufikia kilele mtoto akiwa na miezi minne hivi, kisha hupungua. Wanawake wengi nywele zao zimejaa tena mtoto anapotimiza mwaka. Simama mbele ya kioo, dirisha likiwa ubavuni mwako, uangalie paji la uso: ukiona vinywele vifupi vimesimama wima, vinakataa kulala hata ukivipaka mafuta, shukuru Mungu, hizo ndizo mpya.

Mafuta ya nazi na ya nyonyo yana kazi yake. Ya nazi hasa huingia ndani ya unywele na kuupunguzia kukatika. Lakini unywele ulioamua kuondoka hakuna mafuta yanayoweza kuurudisha nyuma. Kitunguu kiache, huwasha ngozi, na mtoto analala begani kwako.

Yapo mawili ya kupeleka kliniki. Kwanza damu. Kama ulivuja damu nyingi wakati wa kujifungua, au unachoka ukipanda ngazi, au ndani ya kope pamekuwa peupe, omba upimwe damu, na akiba ya madini ya chuma kama inawezekana. Kama vile vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki uliviacha chumbani kwa sababu vinachafua tumbo, useme ukweli. Kula maini, dagaa, kunde, mchicha, ukamulie ndimu. Mbaazi zako za asubuhi na mahamri kula mpaka ukate hamu, ila chai isubiri saa moja, kwa sababu chai huzuia chuma cha mbaazi kisiingie mwilini. Najua nimesema neno zito kwa mtu wa Mombasa. Pili, tezi ya thairoidi shingoni huweza kuvurugika baada ya uzazi. Moyo ukienda mbio bila sababu, au mwili ukilegea na kusikia baridi katika joto hili letu, mwambie daktari.

Na hilo la kidole cha mtoto, nimelisoma mara mbili. Tafadhali lichukue kwa uzito. Unywele wa mama ukijizonga kwenye kidole cha mguu au cha mkono, au hata kwenye uume wa mtoto wa kiume, huweza kukaza na kuzuia damu isipite. Kila ukimbadilisha nepi kagua vidole kimoja kimoja, na soksi zigeuze nje ndani kabla ya kumvisha. Mtoto akilia asinyamazike, na umeona kidole kimevimba, chekundu, na pana mstari umebonyea, usikae ukitafuta wembe. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Wengine mlioandika kuhusu kunyonyoka kwa ghafla na hamjazaa, kanuni ni ileile. Hesabu miezi miwili au mitatu nyuma. Mlikuwa na nini? Malaria kali, dengi, korona, upasuaji, msiba, au kujinyima chakula ili nguo ya harusi ikukae? Mwili ukipata mshtuko hupunguza matumizi, na nywele ndizo za kwanza kupunguziwa, maana mtu huishi bila nywele. Kila dengi ikishapita mitaani, tulikuwa tukiwaona kliniki baadaye, wamepona homa na kuisahau, wamekuja na nywele kwenye karatasi, wanalaumu sabuni waliyoinunua juzi Marikiti. Sabuni ya juzi haina hatia. Kilichozitoa kilitokea zamani kidogo, na kwa kawaida ndani ya miezi sita zinatulia zenyewe. Zisipotulia, njooni mpimwe.

*Mama, salaam aleikum. Nina miaka 19, niko chuoni. Nasuka rasta na kukaa nazo wiki sita. Nikifumua napata nywele za kujaa kiganja, na tangu kidato cha pili nywele zangu hazijapita shingo. Pembeni mwa paji la uso pameanza kuonekana ngozi. Baba anasema ni mtandio, nywele hazipati hewa. Shoga yangu anasema nywele zetu Waafrika hazikui. Nani mkweli? — Wa Tudor*

Waaleikum salaam binti yangu. Wote wawili wamekosea, na baba yako umwambie kwa heshima. Nywele hazivuti hewa. Chakula chake hutoka kwenye damu, kutoka chini, na kichwa kilichofunikwa kina damu sawasawa na kilicho wazi. Ila usifunge mtandio juu ya nywele mbichi. Kwa joto hili, unyevu uliofungiwa siku nzima huleta mba na muwasho, na kujikuna hukata nywele. Ndani vaa kitambaa cha satini, hakikwaruzi.

Kiganja cha nywele kisikutishe. Wiki sita ni siku 42. Ukidondosha 50 hadi 100 kwa siku, na zote zimenaswa ndani ya rasta hazina pa kutokea, siku ya kufumua utazitoa 2,100 hadi 4,200 kwa mpigo. Zingekuwa zimetawanyika sakafuni siku kwa siku, usingeziona.

Na zinakua. Ushahidi unao mwenyewe: rasta siku ya kwanza imegusa ngozi, wiki ya sita imening'inia mbali nayo. Hiyo nafasi katikati imetoka wapi kama si kukua? Nywele zetu hukua polepole kidogo kuliko za mataifa mengine, chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, na zikijikunja huonekana fupi kuliko zilivyo. Lakini tatizo lako si kukua, ni kukatika. Unywele wetu umebapa na una mikunjo, na kila mkunjo ni mahali pa kuvunjikia. Zikikua sentimita kumi kwa mwaka na kukatika kumi nchani, utakaa shingoni mpaka uzeeke. Zichane zikiwa na maji na mafuta, kwa shanuo la meno mapana, uanzie nchani ukipanda juu. Kama kwenu mnaogea maji ya kisima yenye chumvi, hifadhi ndoo moja ya maji matamu ya kusuuzia mwisho.

Kinachonitia wasiwasi ni hizo pembe za paji la uso. Hiyo ni kazi ya mvuto. Rasta nzito, iliyoshikizwa kwenye vinywele laini vya mbele, kisha zikavutwa zote nyuma na kufungwa fundo chini ya mtandio, hivyo vinyweleo vinavutwa saa zote, hata ukilala. Mwanzo ni maumivu na vipele vidogo kwenye mistari. Halafu nywele zinapungua, unabaki ukingo mwembamba wa vinywele vifupi mbele kabisa. Ukiacha mapema zinarudi. Ukiendelea miaka, kinyweleo kinakufa, pale pake panakuwa kovu, ngozi laini inayong'aa, na hapo hakuna mafuta wala dawa ya kuurudisha.

Nimewaona wanawake wa miaka 30 wamefika huko, na wote walikumbuka maumivu ya mwanzo. Waliambiwa urembo ni mateso. Si kweli, na inaniuma kila nikisikia msusi anamwambia hivyo mtoto wa shule. Mama yangu alikuwa akisuka huku akimuuliza mteja, "Inauma?" Akijibiwa ndiyo, anafumua ule mstari palepale na kuanza upya, hata kama foleni ni ndefu. Mwambie msusi wako nywele za mbele aziache nje, zisitiwe rasta. Gundi usiikubali. Ukikaa kwenye kiti ukaona nyusi zinapanda juu na macho yanavutika, inuka, umlipe alichofanya, uondoke. Pumzisha hapo mbele miezi kadhaa, twende kilioni iliyolegea inatosha kabisa. Ukiona ngozi bado ina vitundu, una matumaini makubwa. Nenda kwa daktari wa ngozi sasa, usingoje ujaribu kwanza dawa za mitaani.

*Mama, mimi ni dereva wa tuktuk Likoni, miaka 28. Nywele za mbele zinarudi nyuma na utosini zimepungua. Kinyozi anasema ninyoe kwa wembe kila Ijumaa zitarudi nzito. Wenzangu wanasema kofia ndiyo inakula nywele. Mjomba, kaka yake mama, ana upara mtupu. Nifanyeje?*

Vaa kofia yako mwanangu, haina neno. Na kinyozi hana nia mbaya, lakini wembe hukata kile kilichokwisha kufa. Hauwezi kufika kwenye kinyweleo kukipa amri. Mwaka 1928 Mtafiti wa Marekani, Mildred Trotter, alipima ndevu za wanaume walionyoa, na hakuona zikiongezeka unene wala kasi. Unywele uliokatwa una ncha butu, ukiupapasa unahisi ugumu. Ni hilo tu.

Ulichoeleza kinafanana na upara wa kurithi. Damu ya mwanamume ina homoni ya testosteroni, na mwili huigeuza sehemu yake kuwa homoni nyingine kali zaidi. Kwa waliorithi wepesi huo, vinyweleo vya mbele na vya utosini vikiguswa nayo hupunguza muda wa kukua, kila safari unywele unatoka mwembamba na mfupi zaidi, mpaka unabaki manyoya. Vya kisogoni haviguswi, ndiyo maana wazee wengi wamebaki na duara nyuma. James Hamilton, Mmarekani pia, alionyesha mwaka 1942 kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubaleghe hawakupata upara huu. Na usimtupie mjomba lawama zote, urithi huja kutoka pande zote mbili.

Ukitaka dawa, kuna minoksidili ya kupaka. Wiki za kwanza nywele huweza kunyonyoka zaidi, kwa sababu zilizokuwa zimepumzika zinasukumwa na mpya, na wengi huacha hapo wakidhani imewadhuru. Uipe angalau miezi minne hadi sita. Ikikufaa, ujue ukiacha faida inaondoka. Vipo pia vidonge, lakini hivyo ni vya kuandikiwa na daktari, na mke wako akiwa mjamzito asivishike vikiwa vimevunjika. Kama huna hamu ya gharama hizo, nyoa kote, upake mafuta, uendelee na kazi. Huo si ugonjwa unaoua, na mimi binafsi sioni kichwa kilichonyolewa vizuri kinapungukiwa nini.

*Assalaam aleikum. Nalea wajukuu wawili Mji wa Kale. Mdogo ana miezi mitatu, tulimnyoa siku ya saba, sasa kisogoni pamebaki peupe. Mkubwa ana miaka sita, kichwani ana viduara viwili vyenye magamba, nywele zimekatika pale, anajikuna. Nampaka ndimu na majivu. Je, wameambukizana? — Bibi wa wajukuu*

Waaleikum salaam dada yangu. Hawakuambukizana. Mdogo muache. Mtoto huzaliwa na nywele zenye umri karibu mmoja, hivyo nyingi huanguka pamoja katika miezi ya mwanzo, na kisogoni ndiko kunakosuguliwa na godoro. Kunyoa hakukuharibu kitu. Zitaota.

Huyo mkubwa ndiye wa kupelekwa kituo cha afya wiki hii. Dalili ulizonieleza ni za choa, wengine hapa huita mashilingi. Ni kuvu, na kuvu hiyo imeingia mpaka ndani ya unywele na kinyweleo, kwa hiyo ndimu na majivu havifiki iliko, vinamchoma tu. Hata dawa ya kupaka peke yake haitoshi kwa kichwa. Anahitaji dawa ya kumeza, kwa wiki sita hadi nane mara nyingi. Akianza kuvimba pale, pakatoka usaha, msingoje foleni ya kesho, kwa sababu hilo huweza kuacha kovu lisiloota nywele. Kitana, kofia na mto wake viwe vyake peke yake, na kabla ya kumnyoa tena mwombe kinyozi asafishe mashine mbele ya macho yako. Kagua vichwa vya watoto wengine wote wa nyumbani, huyo mchanga pia. Wakimwandikia griseofulvini, mpe pamoja na chakula chenye mafuta, wali wa nazi unafaa sana, ndivyo inavyoingia mwilini vizuri. Na asiache kabla ya siku zake kwisha, hata ukiona nywele zimeanza kuota.